Chuma cha Nyuma ya Jiko la Bibi

Juzi alikuja fundi kuipima nyumba ya bibi, maana na sisi sasa tunavuta umeme. Alizunguka nyumba yote, kalamu sikioni, akafika nyuma ya jiko akakuta kichwa cha chuma kimechomoza ardhini kati ya miiba mikavu. Akakigusa kwa ncha ya kiatu.

"Ethi ya nani hii? Mna chuma cha kushushia umeme ardhini na umeme wenyewe hamna?"

Bibi akacheka, akanitazama mimi. Fundi akaomba maji na chumvi, akakoroga kwenye kopo, akamimina pale kwenye shina la chuma. Udongo ukayanywa yote kama mtu anayefuturu. Ndipo ikapanda ile harufu.

Kama umekulia Handeni unaijua harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo mwekundu. Hii si hiyo. Hii ina chumvi ndani yake, ina kutu kidogo, na inakaa kooni. Nilikimbilia ndani nikajifanya natafuta ufagio. Mimi ni mtu wa aibu, kulia mbele ya fundi nisingeweza. Huko nje nikamsikia anamwambia bibi, "Mama, hapa mmepaacha pakauke sana. Mmwagieni kila siku, wiki ijayo nikija kuunga pawe pamelainika."

Mmwagieni. Sijui kwa nini alisema hivyo kana kwamba ni mtu. Labda alikosea tu. Lakini mimi nilikaa kitandani na ufagio mkononi mpaka akaondoka.

Nawaandikia wa rika langu. Wakubwa wakisoma watasema mtoto huyu ana mambo.

Mama yangu alifariki tukiwa Korogwe mjini, mimi niko darasa la pili. Alikuwa Msambaa wa Vugiri, na wajomba wakasema atazikwa kwao, mlimani. Nakumbuka gari inapanda na masikio yangu yanaziba, nakumbuka ukungu na wanawake wamenikumbatia wote wananuka moshi wa kuni mbichi. Wanaume walikwenda kuzika, mimi nikabaki ndani. Kesho yake babu, baba yake mama, akanishika mkono akanipeleka. Alikuwa na birika la maji. Akamimina kuanzia kichwani akashuka taratibu mpaka miguuni, akinong'ona dua. Pembeni walikuwa wameweka matawi ya miiba, kuzuia mbuzi.

"Babu, kwa nini unamwagia?"

"Udongo ukishiba unatulia, mjukuu wangu."

Halafu akanivuta mkono. Jua lilikuwa linazama, akasema makaburini hatukai magharibi.

Hayo ndiyo yote niliyofundishwa kuhusu kifo. Maji, miiba, na usikae magharibi. Nikayashika kama tulivyoshika jedwali la kuzidisha.

Baada ya arobaini baba akanileta Handeni kwa mama yake, huyu bibi ninayekaa naye mpaka leo. Baba ni fundi umeme. Hana duka. Kazi yake ni sherehe: Idi, Maulidi, Krismasi, harusi, mahafali. Wanapotaka taa za rangi uani au barabarani, wanampigia simu, anavuta umeme wa muda, anawasha, na yakiisha anakunja waya zake anakwenda kwingine. Sikukuu za watu ndiyo msimu wake. Kwa hiyo sikukuu zetu tulikula mimi na bibi tu, kwenye mwanga wa koroboi.

Handeni sikuwa na rafiki. Kiswahili changu kilikuwa na mlima ndani yake, na watoto wa hapa Wazigua kwa utani hawana huruma. "Kasambaa, baridi imekutupa huku?" "Kasambaa, rudi kwenye ukungu wako!" Ni utani tu, leo nautania hata mimi, lakini siku zile nilikuwa naubeba mpaka kitandani. Nyumbani bibi alinipenda, ila jina la mama hakulitaja. Alisema "marehemu". Mama yangu aliitwa Hadija. Nilikuwa nalisema peke yangu chooni, ili lisije likaisha.

Na kilichonisumbua zaidi ya utani na zaidi ya giza ni hiki: Vugiri ni mbali, babu ni mzee, je, nani anammwagia maji?

Ndipo yakaja Maulidi. Msikiti wetu hapa kijijini waliamua mwaka ule wafanye makubwa, uwanja mzima uwe na taa, na wakamwita baba. Ilikuwa mara ya kwanza kuja akakaa. Alishuka kwenye bodaboda, nyuma kafunga mizunguko ya kebo, kisanduku cha mbao, na kitu kirefu kimefungwa kwenye kanga. Nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba, akanishika kichwani. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile kanga. Ilikuwa ya kijani yenye korosho, pindo moja limeunguzwa na pasi. Ni ya mama. Ndiyo aliyonibebea mgongoni.

Sikuuliza kuna nini ndani. Nilikuwa mtoto wa kutouliza.

Nilimfuata kutwa. Umeme ulichukuliwa kwenye jenereta ya mashine ya kusaga, ng'ambo ya njia, kwa ruhusa ya mwenye mashine, na baba akavusha kebo juu ya miti aliyoisimika. Kijana mmoja wa msikitini, Ramso, alikuwa anamsaidia kushika ngazi, na muda wote alikuwa na haraka.

"Fundi, si tuilaze tu chini? Tunaifukia na mchanga, tumemaliza."

"Ng'ombe wa Wamasai wanapita hapa kila jioni. Utawaambia waruke?"

"Basi si juu imetosha hapo?"

Baba akatazama kushoto na kulia. Mama Rehema, jirani yetu, alikuwa anatoka porini na mzigo wa kuni kichwani. Baba akamwita, "Dada yangu, hebu pita hapa chini na kuni zako."

"Nipite nife?"

"Haina umeme sasa. Nataka kuona kama utapita ikiwa nao."

Mama Rehema akapita, shingo imenyooka kama bibi harusi, na kijiti kimoja cha juu kikagusa waya. Watu wakapiga kelele. "Umeona?" baba akamwambia Ramso. "Pandisha." Mama Rehema akataka kujua atalipwa nini kwa kuwa kipimo cha msikiti, Ramso akasema thawabu, na yeye akasema thawabu haiivishi maharage.

Kila mahali waya ulipoungwa, baba alizungusha tepu nyeusi raundi nyingi, halafu akavisha chupa ya maji iliyokatwa kitako, mdomo ukitazama chini, umande usiingie. Alifanya hivyo bila kusema neno. Mimi nilikuwa nakata chupa. Nilidhani huo ndio mwanzo wa maisha yetu mapya, yeye anaunga, mimi nakata chupa, na kazi ikiisha tunaondoka wote. Hakuniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikaamini.

Jioni akaja nyuma ya mashine ya kusaga, mahali palipojitenga, akafungua ile kanga.

Ndani kulikuwa na chuma chembamba, kirefu kunizidi mimi, chekundu kama shaba. Akakisimamisha, akakipiga nyundo, kikazama pole pole mpaka kikabaki kichwa tu. Ardhi yetu kiangazi ni kama tofali, alitoka jasho mpaka shati likamganda. Akaniagiza kwa bibi nikalete chumvi. Bibi akalalamika ("Chumvi yangu hiyo! Anapikia nini huko?") lakini akanipa. Baba akakoroga maji akayamimina pale, taratibu, akizunguka. Akaenda akakata miiba akaizungushia.

Maji. Miiba. Kanga ya mama.

"Mwajabu," akasema. Aliniita kwa jina langu kamili. "Umeme ukipotea njia, unashukia hapa, ndiyo kwao. Kwa hiyo hapa pasikauke. Pakikauka, kuna mtu ataumia. Utaweza kupaangalia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa mdomo."

"Nitaweza, baba."

"Mchana tu lakini. Unamwaga na kopo, kwa mbali, hugusi chuma. Magharibi ikiingia taa zinawaka, hapasogelewi kabisa. Umenielewa?"

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Hakuna hata neno moja lililonipinga. Baba alikuwa amemleta mama kutoka Vugiri, kwa namna ya mafundi, kwa sababu mlimani hapakuwa na wa kummwagia. Na mtu atakayeumia pakikauka ni yeye. Ningeuliza nini tena?

Siku zile za maandalizi ndizo zilikuwa nzuri kuliko zote tangu nije Handeni. Maji tunachota mbali, lakini nilikuwa naiba kwenye mtungi wa bibi kopo kwa kopo. Nikitoka shule nakwenda moja kwa moja nyuma ya mashine. Kelele ya mashine ilikuwa kubwa, hakuna ambaye angesikia, basi nikawa nazungumza, kwa Kishambaa, lugha ambayo sikuwa na mtu wa kuisema. Nilimwambia kuhusu mwalimu. Nilimwambia wananiita Kasambaa. Nilimwambia baba amekonda. Unga wa mahindi ulikuwa unadondoka hewani unanituamia kichwani, narudi nyumbani mweupe, bibi ananikung'uta na upande wa kanga: "Huyu mtoto anasagwa au anasaga?"

Siku yenyewe taa zikawashwa. Sijaona tena kitu kama kile. Kijiji ambacho jua likizama kinafutika, ghafla kikawa na dari ya kijani na nyeupe na nyekundu, watu wote wanatazama juu midomo wazi, watoto wanakimbia wakijaribu kukanyaga rangi chini. Dufu zikaanza. Wenzangu wakaniita hata mimi, "Kasambaa, njoo!", na sikwenda. Nilikaa kwenye jiwe mgongo kwa taa, natazama upande wa mashine ambako kulikuwa giza. Ilikuwa magharibi, hapasogelewi. Lakini kutazama sikukatazwa.

Baba alikuwa amesimama karibu na kile kisanduku cha mbao, chenye breka inayojikata yenyewe umeme ukikosea. Walimletea pilau akala wima.

"Baba, mbona hukai na watu?"

"Fundi akikaa, taa zinazima."

Nikaona tuko wawili tunaomlinda. Nikashika upindo wa shati lake, hakunitoa.

Kesho yake nilikuwa nimefungasha. Sare, daftari, kitana cha mama, vyote kwenye kiroba cha sukari, nimekificha chini ya kitanda. Nilimsubiri aniambie. Akateremsha taa akizikunja kwenye kiwiko, akang'oa miti, akazungusha kebo. Sijaambiwa. Bodaboda ikaitwa. Sijaambiwa. Nikachukua kiroba changu mwenyewe nikaenda nacho nyuma ya mashine, ambako alikuwa ameondoa miiba, kanga iko begani, na anakitikisa chuma huku na huku ili kilegee. Kwa kuwa udongo ulikuwa umelainika vizuri, kwa maji yangu, kikaanza kutoka.

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika msikitini. Mimi, ambaye darasani mwalimu ananiambia niseme kwa sauti.

"Usimng'oe! Baba, usimng'oe mama!"

Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa. Kila mtu alisikia. Bibi alikuja mbio na mwiko mkononi, Mama Rehema nyuma yake.

Baba alikuwa ameganda, mikono yote miwili kwenye chuma. "Umesemaje?"

"Unamng'oa mama."

"Nani kakwambia mama yuko hapa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulimleta kwenye kanga yake. Ukammwagia maji. Ukaweka miiba. Ulisema nisije magharibi. Ulisema pakikauka ataumia." Nilikuwa nahesabu kwa vidole. "Hajakauka hata siku moja. Kwa nini unaondoka naye na mimi unaniacha?"

Bibi akasema, "Astaghfirullah. Mjukuu wangu, chuma hakina mtu." Mama Rehema akageuka akatazama pembeni.

Baba aliketi chini kwenye tope, na suruali yake ya kazi. Akashika ile kanga akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nadhani kwake ilikuwa imeshakuwa kitambaa cha kufungia chuma, au labda alijilazimisha iwe hivyo. Nilisubiri anieleze, sijui, kuhusu umeme, kuhusu kifo, chochote. Baba yangu anajua kueleza waya tu.

Akasimama, akamalizia kukitoa chuma, akakibeba mpaka nyumbani, sote tunamfuata kama msafara. Nyuma ya jiko akakipiga nyundo tena. Akakipiga kwa muda mrefu.

"We Ali," bibi akamwambia kwa sauti ya chini, "watu watasema tunaabudu vyuma."

"Ni ethi tu, mama. Siku mkivuta umeme itawasaidia."

"Umeme gani, mwanangu, huku?"

"Utakuja."

Akanipa kopo. "Haya, Mwajabu. Mmwagie." Alisema hivyo, mmwagie, sikuota. Nilipomaliza akainama karibu na sikio langu akasema, "Mimi nalala stoo za watu. Hakuna pa kukuweka." Akakichukua kiroba changu, akakirudisha chini ya kitanda mwenyewe. Akapanda bodaboda, kanga ya kijani shingoni. Chuma kilibaki, baba akaondoka. Mimi nilikuwa nimetaka tusiachane sote watatu.

Tangu hapo ana chumba Segera, njia panda, maana pale kazi za pande zote zinamkuta. Hupiga simu siku za sikukuu, asubuhi, kabla hajapanda ngazi za watu. Anaongea na bibi, halafu bibi ananipa simu, na mimi na yeye hatujui la kusema. Basi anauliza, "Pale hapajakauka?" Nami najibu, "Hapajakauka, baba." Anasema, "Vizuri." Simu inakatika. Ndiyo mazungumzo yetu, miaka yote. Shuleni wenzangu wakisema baba zao wanawasema sana, nacheka nao.

Kidato cha pili mwalimu wa fizikia alichora nyumba ubaoni, akachora mstari unaoingia ardhini, akaeleza umeme unavyokimbilia huko usimuue mtu, na kwamba udongo mkavu haupitishi vizuri. Wenzangu wananakili. Mimi nilikuwa nimeweka kalamu chini. Nilijua tangu zamani kwamba si mama, siyo kwamba nilikuwa bado naamini. Lakini nilikuwa sijajua kwamba baba hakunidanganya. Pakikauka, kuna mtu ataumia. Ilikuwa kweli neno kwa neno.

Hata hivyo kumwagia niliacha, na sitaki kujipamba. Kuna Idi baba aliahidi kuja. Bibi alichinja kuku wawili, mimi nikavaa tangu alfajiri. Hakuja, mtu mmoja alitaka taa kwenye hoteli yake. Jioni simu ikalia, "Pale hapajakauka?" Nikasema hapajakauka, nikaweka simu chini, na sikupeleka maji tena. Miiba ikakauka, nikaiacha. Kila sikukuu nikajibu vilevile.

Jana, siku moja baada ya fundi, baba alipiga. Bibi akamweleza kwa furaha kwamba tunavuta umeme, fundi ameiona ethi, ameisifia. Akanipa simu. Nyuma yake nilisikia malori na mtu anauza machungwa.

"Mwajabu. Hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Pale hapajakauka?"

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, kwa mazoea. Pua yangu ikakumbuka ile harufu.

"Pamekauka, baba."

Malori yakapita. Muuza machungwa akagombana na mtu kuhusu chenji, nikasikia ugomvi wote.

"Tangu lini?"

"Zamani."

Halafu akakohoa. "Huyo fundi mwambieni asubiri. Asiguse. Ethi ile nimeipiga mimi, nyumba ya mama yangu nitaunga mimi."

"Bibi ameambiwa tumwagie kila siku."

"Usimwagie," akasema, na sauti yake ilikuwa si ya kazi. "Acha hivyohivyo. Nakuja kumwagia mwenyewe."

Ameshawahi kusema nakuja. Bibi leo amenunua kuku mmoja tu, naye ana akili zake. Mimi nimeondoa miiba ya zamani nikakata mipya, nimechota ndoo moja nimeifunika na sinia isiingie vumbi, na juu ya sinia nimeweka pakiti ya chumvi. Chuma sijakigusa. Udongo wake umepasuka kama kisigino, na nimeuacha hivyo, auone.